Udhaifu wa Mchawi Asiyeshindwa

Msomaji, uko mchezo mmoja usiochezwa kwa mpira wala kwa karata, wala hauna mashimo na kete kama bao letu. Watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja na karatasi yake, na dadu za namna nyingi zikiwa katikati yao. Mmoja wao huwa kiongozi, naye husimulia habari za nchi ya kubuni yenye majumba ya chini ya ardhi, majoka na hazina. Wengine humwambia, kila mtu kwa zamu yake, mhusika wake atafanya nini. Penye shaka dadu hutupwa, na dadu ndiyo iamuayo. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kutolewa sokoni ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka wa 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Tangu hapo umeenea duniani na kuzaa michezo mingine mingi. Lakini mimi nitashikamana na huo mmoja, kwa kuwa tabia za watoto wengi hufahamika kwa kumtazama mzazi.

Nia yangu ni kumpima mhusika wa namna moja apendwaye sana na wachezaji hodari wa hesabu, naye ni mchawi aliyeundwa ili asishindwe. Neno mchawi lisikutishe. Kwetu ni neno la kumshtaki mtu, lakini katika mchezo huu ni jina la kazi, kama useremala au uhunzi: ni mtu aliyekesha na vitabu vyake hata akajua azima, yaani maneno ambayo yakitamkwa hutenda kazi. Mchezaji huchukua kitabu cha kanuni, akachagua hiki na kuacha kile, akaunganisha kanuni mbili ambazo watungaji hawakudhani kuwa zitakutana, na mwisho wa kazi yake ana mhusika ambaye, kwa hesabu za karatasini, hawezekani. Nasema kwa hesabu za karatasini, na msomaji ayaangalie maneno hayo.

Asili ya mchawi huyu ni mzinga, wala sisemi kwa fumbo. Mwaka wa 1971 Gygax, pamoja na Jeff Perren, alitoa kitabu cha kanuni za vita vya sanamu ndogo kiitwacho Chainmail. Mwishoni mwake ziliongezwa kurasa za vita vya hadithi, na humo mchawi alirusha moto ambao upana wake ulipimwa kwa kulinganishwa na pigo la mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Mtambo kama huo huvunja kuta, lakini hauwezi kusimama uwanjani peke yake. Wakiufikia watu watatu wenye visu, habari yake imekwisha. Lazima wawepo askari mbele yake. Watungaji walilijua jambo hilo, na walipomhamisha mchawi kutoka uwanja wa vita hadi majumba ya chini ya ardhi, hawakumwondolea udhaifu ule. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 mchawi alipimiwa alama za uhai kwa dadu ya pande nne, hali shujaa wa upanga alipimiwa kwa dadu ya pande kumi. Hakuruhusiwa kuvaa deraya. Siku ya kwanza ya safari alikuwa na azima moja tu. Akiisha kuisema, alibaki na kisu chake na miguu ya kukimbilia. Utaratibu huo wa azima kuhifadhiwa akilini na kutoweka baada ya kutamkwa ulitoka katika hadithi za Jack Vance, ambaye kitabu chake The Dying Earth kilitoka mwaka 1950.

Hata silaha zake zilikuwa na makali pande zote mbili. Moto wake maarufu, katika kanuni za mwaka ule wa 1978, ulijaza nafasi ya futi za ujazo kama 33,000, na kama chumba kilikuwa kidogo, moto uliosalia ulitafuta njia ya kutokea, hata kama njia hiyo ilimrudia aliyeurusha. Mchawi asiyejua kupima chumba kwa macho alijichoma mwenyewe pamoja na jamaa zake. Naikumbuka kanuni hii kwa upendo, kwa sababu ilimtaka mtu afikiri kabla ya kusema.

Matoleo yaliyofuata yalizilegeza kamba hizo. La mwaka 2000 ndilo lililolegeza zaidi: mwenye akili nyingi alipewa azima za ziada, na kuandika azima katika makaratasi ya akiba au kuzitia katika fimbo kukawa kazi nyepesi. Hapo lalamiko la wenye panga likawa la haki kabisa. Shujaa alipanda daraja moja akapata pigo lenye nguvu kidogo kuliko la jana. Mchawi alipanda daraja hilo hilo akapata njia ya kuruka, ya kutoonekana, au ya kupita ukutani. Toleo la mwaka 2008 lilijaribu kutibu ugonjwa huo kwa kuwapa wote nguvu zilizopangwa kwa muundo mmoja, na wengi wakaona kwamba dawa imeua ladha. Sitakaa sana hapo.

Kubwa ni lile la mwaka 2014, maana ndilo lililozaa mchawi ninayetaka kumhukumu. Wachezaji wa Kiingereza walimpa jina la utani lenye neno kahawa ndani yake, kwa sababu halali usingizi. Nami nitamwita mchawi wa kahawa. Kanuni zake ni hizi. Wako wachawi waliofanya maagano na mwenye nguvu fulani, na hao hurudishiwa nguvu zao kila wapumzikapo kwa saa moja. Wako na wachawi wa kuzaliwa, ambao waweza kugeuza nguvu zao kuwa alama, na alama kuwa nafasi mpya za azima. Nafasi hizo za kutengenezwa hutoweka mtu amalizapo mapumziko marefu ya usiku. Basi mjanja mmoja akauliza: je, mtu aliye yote mawili, asipolala kamwe? Atapumzika saa moja, atageuza, ataweka akiba. Atapumzika tena, atageuza tena. Mwenye madaraja matano ya maagano na sita ya kuzaliwa hupata alama sita kila saa, na alama tano zanunua nafasi moja ya ngazi ya tatu, ambayo yatosha kurusha ule moto. Saa nane ambazo wenzake wanakoroma, yeye ameweka ghalani mioto minane. Mwezi mmoja wa kukaa mjini, na hesabu yake haisemeki.

Kwa mara ya kwanza mtu husikia habari hii akashangaa, na ni haki ashangae, kwa kuwa ujanja wenyewe ni mzuri. Lakini tuuchunguze. Ghala limejaa, je, mdomo ni mmoja au ni mingi? Katika mchezo huu raundi moja ya vita ni sekunde sita, na katika raundi hiyo mchawi hutenda tendo moja. Aghalabu vita huamuliwa kwa raundi chache, na mwenye nafasi mia atatumia nne au tano, sawa na mwenye nafasi kumi. Zilizobaki ni mali ya kutazamwa. Tena, ili ajenge ghala hilo amegawanya masomo yake mara mbili, na amefika daraja la kumi na moja akiwa hana azima iliyo juu ya ngazi ya tatu, hali mwenziwe aliyeshika njia moja ya vitabu tangu mwanzo anatamka azima za ngazi ya sita. Kwa upande wa kuzaliwa anajua azima saba tu. Ana risasi nyingi mno za bunduki ndogo, na anaidharau bunduki kubwa ya jirani.

Na usingizi hudai deni lake. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017, Xanathar's Guide to Everything, kiliandika kwamba mtu akipitisha saa 24 bila mapumziko marefu, lazima ajaribiwe kwa dadu kuona kama mwili wake unastahimili. Akishindwa, uchovu humpanda ngazi moja, na jaribio la siku inayofuata huwa gumu zaidi. Katika kanuni zile uchovu ulikuwa na ngazi sita, na ya sita ni mauti. Wako waliolalamika kwamba kanuni hiyo iliwekwa kwa chuki. Mimi naona ni kanuni ambayo mama yeyote angeiandika.

Lakini hata tukimsamehe mchawi wa kahawa usingizi wake, yako mambo ambayo wingi wa azima hauyatibu. Azima nyingi zilizo bora katika toleo la 2014 hudumu tu wakati mchawi anapozishikilia kwa fikira zake, naye hawezi kushikilia mbili kwa pamoja. Akipigwa jiwe, lazima dadu itupwe kuona kama fikira zimekatika. Pigo likiwa kubwa, jaribio nalo huwa kubwa. Msomaji aona matokeo yake: kijana mwenye kombeo aweza kuibomoa kazi ya mtaalamu. Iko azima ya ngazi ya tatu ya kutangua azima ya mwingine kabla haijaisha kutamkwa, na adui naye aweza kuijua. Iko azima ya kimya, ya ngazi ya pili tu, ambayo hufunika mahali pa upana wa futi 20 kila upande, na ndani yake azima ihitajiyo sauti haitamkiki. Joka kubwa la umri mrefu liliweza katika kanuni zile, mara tatu kwa siku, kuamua tu kwamba azima fulani haikulipata, hata kama dadu ilisema imelipata. Na yule zimwi aitwaye rakshasa, aliyetolewa katika hadithi za Wahindi, hakudhurika katika kanuni zile na azima yoyote ya ngazi ya sita kushuka chini, isipokuwa apende mwenyewe. Mchawi wa kahawa, mwenye mioto yake mia ya ngazi ya tatu, akikutana na zimwi hilo ni sawa na mtu aliyekwenda sokoni na gunia la fedha za nchi nyingine.

Katika masimulizi yetu Fumo Liyongo hakupatikana kwa mishale wala kwa majeshi. Alipatikana kitovuni, na aliyepajua pale alikuwa mtu wa nyumbani. Sababu ya kumtaja ni kwamba adui mkubwa wa mchawi huyu naye si joka. Ni kiongozi wa mchezo na wenzake wa mezani. Kiongozi ndiye asemaye kama iko saa ya kupumzika au kama adui yu nyuma ya mlango. Ndiye akubaliye tafsiri ya kanuni au aikataaye. Mhusika aliyejengwa juu ya kanuni mbili zilizokutana kwa bahati anasimama kwa rehema za mtu mmoja, na rehema hizo zikiisha kutumiwa kila juma, huchakaa. Pengine kiongozi ataongeza nguvu za maadui ili apate mshindani wa mchawi. Na hapo wanaoumia ni wenye panga, ambao hawakuomba vita vya ukubwa huo. Mmoja atafanya simu yake kuwa rafiki, mwingine atasema ana kazi Jumamosi ijayo. Mchezo wa watu watano umekuwa mchezo wa wawili, na wale watatu ni wasikilizaji.

Hili ndilo nilionalo kuwa zito kupita yote. Mchezo huu hauna mshindi. Kitabu hakisemi popote kwamba fulani amepata kikombe. Faida yake ni kwamba kila mmoja hupata zamu ya kuwa mtu wa lazima. Anayeunda mchawi wa kufanya kila kazi huwanyima wenzake zamu hizo, tena aghalabu kwa nia njema, akidhani amewasaidia.

Tena kazi za wenzake hazifanyi vizuri kama adhaniavyo. Chukua mlango uliofungwa. Mwizi wa kundi amejifunza kufuli tangu daraja la kwanza. Hiyo ndiyo sehemu yake. Mchawi anayo azima ya ngazi ya pili ifunguayo kufuli mara moja, bila dadu, naye kwa ghala lake aweza kuitumia kutwa. Anasogea mbele, anamwondoa mwizi kwa kiwiko, anatamka. Mlango unafunguka. Lakini kanuni ya 2014 yasema kwamba azima hiyo hutoa mgongo wa sauti kama mtu apigaye hodi kwa nguvu, nao husikika hata umbali wa futi 300. Na walinzi wa jumba, walio chini ya ngazi, wanaamka na kutwaa mikuki yao. Mwizi amesimama kando na vifaa vyake vya waya mkononi, ambavyo vingaliufungua mlango ule ule bila kumwamsha mtu.