Brosheti ya Beni, viazi ya Butembo, na mafuta yenye ilisafiri

Picha za vyakula vya barabarani vya Malaysia zimejaa mu simu zetu siku hizi: satay, nasi lemak, pisang goreng. Wenzetu wengi wanatia moyo mwekundu pale chini na kuandika kwamba siku moja watafika Kuala Lumpur. Wafike, si mubaya. Lakini mbele ya tiketi ya ndege, tuangalie kwanza ndani ya sahani. Satay ni vipande vya nyama juu ya kijiti, vya kuchoma na makala. Nasi lemak ni wali wa tui ya nazi, pamoja na karanga, yai, samaki wadogo wakavu na pilipili, na mara nyingi wanaufunga mu jani ya mugomba. Pisang goreng ni ndizi ya kukaanga, basi. Mutu wa Beni akisoma hivi atauliza: mupya iko wapi?

Mimi nilisoma agronomi, kwa hiyo chakula ninakihukumu kuanzia shambani. Na kwa kipimo ile, sahani ya kwanza mu eneo yetu ni brosheti ya mbuzi na makemba ya kuchoma, mangaribi, Beni. Si Butembo. Beni iko chini kidogo na iko na joto, makemba inafika pale bado na maji yake, na mama anaiweka pembeni ya moto, si katikati, mpaka inapasuka yenyewe. Nyama inabaki na mafuta kidogo ya kuyeyuka. Ile makemba ikipanda mu gari kilometa zaidi ya 50 mpaka Butembo, inakuwa kitu ingine: ngumu, inachoka, wanaiunguza inje na ndani inabaki mbichi. Ninajua wa Butembo watakasirika.

Butembo iko na yake. Mji uko juu, karibu metre 1.800, na nyuma yake kuko milima ya Lubero yenye inatoa viazi, vitunguu, poro na marakuja. Viazi ya Masereka ikikaangwa asubuhi ileile haihitaji mayonezi ya kupakiwa. Na mukate na avoka, chakula cha mwanafunzi mwenye hana franga, ninaiweka juu ya sambusa zote za katikati ya mji, sababu sambusa nyingi ni unga na hewa.

Fasi moja satay inatushinda kabisa. Ni mchuzi wa karanga. Sisi tuko na karanga kila soko, tunaisaga, tunatia mu sombe, lakini brosheti tunaipa chumvi na pilipili kavu tu. Nani alikataza? Mama mwenye atajaribu mchuzi ule, hata mu kikombe kidogo, foleni ya wamotari itafunga njia.

Sasa mafuta, na hapa ndipo ninauma. Mikate mingi ya Butembo inakaangwa mu mafuta meupe ya bidoni, yenye inaingia kwa mpaka wa Kasindi. Viwanda vya Afrika Mashariki vinanunua sehemu kubwa ya mawese mabichi Malaysia na Indonesia, kisha vinasafisha. Lakini mungazi wenyewe ni mti wa Afrika. Mu mwaka 1848 miche 4 ilipandwa Bogor, kisiwa cha Java. Malaysia ilianza shamba la kwanza la biashara mu 1917. Na aina ya tenera, yenye inajaza mashamba yao leo, siri ya kuizalisha (dura na pisifera) ilielezwa Yangambi, hapa kwetu Kongo, mu 1941. Tuliisoma mu darasa, tukapata pointi zetu, tukatoka inje kula mukate wenye ulikaangwa mu mafuta ya watoto wa ule mungazi. Tena mafuta ya kurudiliwa siku tatu, nyeusi, inapiga moshi. Mawese mekundu iko na ladha, iko na karoteni. Ile ya bidoni imepoteza vyote mbili.

Musiseme tu kwamba mama wauzishaji hawajui. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa mu eneo la Beni, na wakulima wengi waliacha mashamba ya makemba na ngazi upande wa Mbau na Mayangose. Shamba yenye haivunwe haipeleke mafuta sokoni. Bidoni ya Kasindi iko pale kila asubuhi, na mama anahesabu.

Jambo ingine, la haraka. Wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, kila meza ya chakula ilikuwa na ndoo ya robine na maji ya klore. Leo ndoo zile zinabeba maharagwe. Mimi mbele ya kuangalia nyama ninaangalia ndoo. Kama haiko, ninapita, hata brosheti inukie namna gani.

Kama munataka kujaribu: Beni, mangaribi, munaomba kijiti chenye mafuta na makemba ya pembeni ya moto. Butembo, asubuhi mbele ya saa tatu, viazi ya kwanza kutoka mu karai, mbele mafuta haijageuka rangi. Pilipili muombe yenu pembeni, sababu wakimwaga wenyewe hamutasikia tena ladha ya kitu.