Skuta Ipimwe Ikiwa Imekunjwa

Kolwezi, mtu akilipwa kwa noti ya dola 100 haitii mfukoni hivihivi. Huigeuza, huinyanyua kwenye mwanga, hupitisha kucha kwenye kingo zake kutafuta mpasuko, na akiona alama ya wino au kona iliyolika huirudisha bila haya. Mtu huyohuyo atahesabu noti kadhaa za aina hiyo kununua skuta ya umeme ya mama yake, skuta aliyoiona kwenye picha ya simu tu, au aliyoikuta dukani imekunjuliwa, imepanguswa vumbi, inang'aa. Atakalia kiti, atabonyeza honi, ataenda mbele mita kumi, atalipa. Kesho yake, mbele ya mlango wazi wa buti, ndipo atakapojua alichonunua.

Skuta ya kubebeka ina kazi mbili, kubeba mtu na kubebwa. Duka huonyesha kazi ya kwanza peke yake, na kwa kazi hiyo karibu kila skuta mpya hupata maksi nzuri. Tofauti ya bora na hafifu iko kwenye kazi ya pili. Kwetu katika jimbo la Lualaba kazi hiyo ndiyo yenye uzito, kwa sababu mgonjwa wa hapa huanza safari kwa gari: kutoka Manika hadi hospitali ya Mwangeji, kanisani Jumapili, au kupitia Fungurume na Likasi hadi Lubumbashi, karibu kilomita 300, kumwona daktari bingwa.

Kwanza tuelewane skuta ni ya nani. Ni ya mtu anayeweza kusimama na kupiga hatua chache, lakini mwendo mrefu umemshinda: mzee mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines ambaye magoti yamekwisha, mama mwenye kisukari na miguu yenye ganzi, mtu aliyepata polio utotoni ambaye mabega yameanza kuchoka na magongo. Lazima aweze kukaa wima bila kuegemezwa na kushika usukani kwa mikono yote miwili. Asiyeweza hayo anahitaji kiti cha magurudumu, na hakuna skuta nzuri kiasi cha kubadilisha jambo hilo.

Skuta za namna hii zilianza Michigan, Marekani, mwaka 1968, Al Thieme alipomtengenezea mke wake mgonjwa gari dogo la umeme la kukalia. Za kubebeka zilikuja baadaye, na leo ziko za aina tatu. Kuna za kuvunjwa vipande vinne au vitano, kama Go-Go za Pride, ambazo jumla yake hufika kilo 40 na zaidi lakini kila kipande hubebeka. Kuna za kukunjwa zikabaki kitu kimoja, kama Luggie ya Taiwan, za kilo 20 na ushei hadi 30. Na kuna chache zinazokunjwa na pia kugawanyika mara mbili. ATTO ya Israeli ni mfano, huburutwa kama sanduku la safari kisha hukatwa vipande viwili mbele ya gari. Matangazo husifu za kukunjwa kwa sababu video yake inapendeza. Mimi nasema kwa familia nyingi za hapa za vipande ndizo zinazofaa, hata kama hazina maringo.

Sababu ni hii. Usiulize skuta ina kilo ngapi. Uliza kipande kizito kuliko vyote kina kilo ngapi, kisha uliza nani atakayekiinua. Mara nyingi ni binti, au mjukuu aliyetumwa amsindikize nkambo wake, au mke ambaye mgongo wake nao si wa kutegemewa. Kilo 27 za kitu kimoja chenye pembe zinazochoma tumbo ni mzigo wa vijana wawili. Kilo 16 zenye mpini mahali pake ni mzigo wa mtu mmoja mzima. Kipande kizito karibu siku zote ni cha nyuma, chenye mota na gia, na hapo ndipo fundi mzuri hujulikana: huweka mpini juu kabisa ya mahali uzito ulipolala, hivyo ukinyanyua kipande hubaki sawasawa. Fundi mvivu huweka mpini palipokuwa na nafasi. Ukinyanyua, kipande hupinduka, gurudumu lenye matope hukupaka suruali, na rangi ya bampa huondoka siku hiyohiyo.

Nenda dukani na atakayeinua, si na atakayepanda peke yake. Pima kimo cha kizingiti cha buti nyumbani, tafuta meza ya kimo hicho dukani, mwambie anyanyue, aweke, ashushe, kisha arudie. Mara ya pili ndiyo ya kutazama, kwa maana ya jioni hufanywa na mwili uliochoka.

Buti yenyewe pia ipimwe kwa akili. Wengi hupima sakafu, kumbe kinachokataa mzigo ni mdomo. Toyota IST ina sakafu ndogo lakini kizingiti chake si kirefu. Noah ina nafasi, ila viti vya safu ya tatu vikikunjwa huning'inia pembeni na kuiba upana, basi pima kati ya kiti na kiti. Land Cruiser za makampuni ya migodi, zinazoonekana kama zingemeza kila kitu, zina kimo kinachomtesa anayeinua, na karoseri ya Hilux ni mbaya zaidi. Halafu kumbuka kwamba buti zetu haziwi tupu. Tairi ya akiba, bidoni la maji, na mkirudi safari gunia la makaa lililonunuliwa njiani. Skuta iingie pamoja na hayo, au ukubali mapema kitakachobaki.

Kuna jambo ambalo vitabu vya watengenezaji haviwezi kulijua. Gari nyingi za huku zimetoka Japani, usukani uko kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Abiria wa mbele basi hushukia kushoto, upande magari yanakopita, na Noah za zamani zilizo na mlango mmoja wa kuteleza zina mlango huohuo wa kushoto. Kwa mzee anayehitaji nusu dakika kusimama, hiyo ni nusu dakika mbele ya malori ya madini. Skuta inayounganishwa kwa hatua mbili badala ya sita hapo si anasa tena: msaidizi anaiunganisha haraka upande wa nyumba, anarudi kumshika mkono mzee. Mpe muuzaji skuta iliyokunjwa, umwambie aifungue huku unaongea naye mambo mengine. Akilazimika kunyamaza ili akumbuke, ni ngumu.

Tukija kwenye viungo, shika nguzo ya usukani uitikise mbele na nyuma. Mchezo kidogo sana hauna neno. Ukisikia "kla-kla" kwenye skuta mpya, baada ya mwaka wa barabara za Manika itakuwa inacheza ngoma. Komeo la kufungia liwe la chuma na lijifunge lenyewe kwa mlio unaosikika, tena uweze kuliona limefunga bila kuinama. Komeo la plastiki lililotegemea springi moja nyembamba lina tabia nzuri mpaka siku ya vumbi, na sisi vumbi letu ni jekundu, laini, linaingia hata ndani ya saa. Angalia pia waya zinazopita kwenye mkunjo: zikibanwa kila skuta inapokunjwa, zitakatika ndani huku ngozi ya nje ikionekana nzima, na hakuna ubovu unaosumbua mafundi kama huo.

Breki ina jaribio lake, na muuzaji anayekunyima jaribio hili amekwisha kukujibu. Breki ya skuta hizi ni ya sumaku inayofanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: umeme huilegeza, umeme ukikatika springi huibana. Zima ufunguo, sukuma. Isisogee hata kidogo. Kisha ipeleke kwenye mteremko, mtu mzima akae, aachie mkono wa gesi katikati ya kushuka. Isimame bila kuteleza nyuma wala mbele. Karibu na ekseli ya nyuma pana kishikio kidogo cha kulegeza gia ili skuta isukumwe kwa mkono. Kishikio hicho kikiwa kimelegezwa breki haipo kabisa. Kiwe mahali ambapo mguu au mtoto hawezi kukigusa kwa bahati mbaya.

Kuhusu magurudumu nitasema waziwazi: skuta ndogo hazikuundwa kwa ajili yetu. Zimeundwa kwa sakafu za maduka makubwa na njia za miguu za Ulaya. Uingereza, kwa mfano, skuta za daraja hili huruhusiwa kilomita 6.4 kwa saa tu, juu ya njia ya waenda kwa miguu. Tumbo la skuta hizi huwa sentimita chache kutoka ardhini. Kwenye lami ya mjini, kwenye korido ya hospitali, kwenye uwanja wa kanisa, ni sawa. Kwenye udongo wa mtaani baada ya mvua ya Januari, hapana. Baiskeli za mikono za magurudumu matatu, zile ambazo wanamuziki wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa walizijulisha dunia kwa filamu ya mwaka 2010, ni imara mara nyingi zaidi, na mchomeleaji wa mtaani hutengeneza fremu yake ikivunjika. Lakini jaribu kuitia moja ndani ya IST.

Kwa hiyo chagua tumbo lililo juu kuliko mengine unayoonyeshwa, na magurudumu makubwa kuliko mengine, hata kwa kuongeza kilo moja. Mipira migumu hutikisa mwili lakini haitoboki. Ya hewa ni laini, na miiba na vyuma vya mtaani vinaijua. Magurudumu matatu hukata kona finyu vizuri, ila kwenye ardhi iliyoinama hutaka kulala. Mimi ningechukua manne.

Sasa betri, na hapa mtu wa Kolwezi ana haki ya kuwa mjuzi. Kongo hutoa kobalti kuliko nchi nyingine yoyote, na sehemu kubwa inachimbwa katika jimbo hili. Lakini si kila betri ya lithiamu ina kobalti, na kibandiko kitakuambia ukijua kukisoma. Seli zenye nikeli, manganizi na kobalti zina volti 3.6 hivi kila moja. Saba zikipangwa hutoa 25.2. Seli za fosfeti ya chuma zina volti 3.2, nane hutoa 25.6. Ukiona 25.6 kwenye kibandiko, hakuna chembe ya kobalti humo. Ni nzito kidogo, lakini huvumilia joto la buti iliyoachwa juani na hujazwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Ningeichukua hiyo. Mchimbaji kobalti wa Kasulo anaweza kuona uchungu, ila mfuko hauna uzalendo.

Betri za risasi zisidharauliwe haraka. Jozi ya volti 12, ampea-saa 12, ina uzito wa kilo saba au nane, ndiyo, lakini betri za kipimo hicho hutumika pia kwenye mitambo ya kuhifadhi umeme wa kompyuta, kwa hiyo Lubumbashi utapata nyingine bila kuagiza ng'ambo. Adui yake ni kuachwa tupu. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako jirani, hata hivyo umeme wa SNEL mtaani hukatika utakavyo, na betri ya risasi ikikaa siku kadhaa bila chaji hufa taratibu. Pia geuza chaja usome mgongo wake: iandikwe 100 hadi 240. Iliyoandikwa 110 peke yake itatoa moshi siku ya kwanza. Wala usichaji lithiamu kwa chaja ya risasi kwa kuwa plagi imekubali.

Kwa anayepanda ndege, betri ya lithiamu inayochomoka isizidi wati-saa 300, na husafiri ndani pamoja na abiria. Piga hesabu mwenyewe. Volti 24 mara 12 ni 288, lakini kibandiko kikisema 25.6 na 12 umefika 307, na mfanyakazi wa kaunta naye anajua kuzidisha.

Za mitumba, zinazoingia kwa makontena kupitia Kasumbalesa, zina siri moja kubwa. Muuzaji atasema, "Mama, tazama, inajaa haraka, saa moja tu taa ya kijani." Hiyo ndiyo dalili ya betri iliyokufa: haijai haraka, imepoteza nafasi ya kujaa. Shika multimita, pandisha mtu mzito, panda naye mlima. Jozi ya risasi iliyojaa husoma zaidi ya 25 ikiwa imetulia. Ikianguka chini ya 23 mara tu mota inapokaza, toa bei ya betri mpya kwenye bei aliyotaja. Sikiliza na ekseli ya nyuma: mvumo ni sawa, kusaga si sawa.

Mwisho ni fremu. Ya chuma, fundi yeyote wa mtaani ataichomelea. Ya aluminiamu inataka fundi wa argoni, na mji wa migodi unao, lakini muulize kwanza kama atakubali kazi ndogo kama yako. Kabla ya kutoa pesa, dai chaja ya pili, fyuzi, kaboni za mota kama inazo, na mipira miwili ya mbele. Baada ya kulipa, vitu hivyo huwa "vinakuja wiki ijayo".