Ngumi ya Jack Johnson na kamera iliyozimwa

Kwa kinyozi yeyote Voi, mabishano ya ndondi huishia kwa Mike Tyson. Mbishi zaidi atamtaja Foreman, labda Ali. Kisha jamaa mwenye bando atafungua video ya kale, watu wanakimbiakimbia kama kuku, na kuuliza: huyu Jack Johnson mnayemsifu mbona anakumbatia tu? Watu wanacheka. Kesi imefungwa.

Mimi naona imefungwa kabla ushahidi haujasomwa.

Nani alikuwa na konde zito kati ya mabingwa wa mwanzo wa uzani wa juu ni swali tunalolijibu kwa macho. Shida ni kwamba tunachokiona kilichaguliwa na watu wengine. Sydney, 26 Desemba 1908: Johnson anamchapa Tommy Burns hadi raundi ya 14, polisi wanaingia kusimamisha pambano. Kamera nayo ikazimwa. Ndiyo maana filamu inakatika pale pale Burns anapoelekea chini. Bingwa wa kwanza mweusi wa uzani wa juu duniani, na dakika yake yenyewe hatunayo. Halafu mtu anasema hajaona nguvu. Ungeiona wapi, bana?

Pambano la kutazama ni la Oktoba 1909, Colma, California, dhidi ya Stanley Ketchel. Ketchel alikuwa bingwa wa uzani wa kati, mdogo kwa mwili lakini mkali kama nyuki. Kwa raundi 11 Johnson anacheza naye: anamfunga mikono, anambeba, anamrudisha chini. Hapo ndipo vijana wa simu huchoka na kuruka mbele. Raundi ya 12 Ketchel anarusha mkono wa kulia na Johnson anakwenda chini. Anainuka, Ketchel anamrukia kummaliza, na jibu linalomkuta ni konde moja linalomlaza chali. Johnson mwenyewe anajikwaa juu ya miguu ya Ketchel na kuanguka, kwa jinsi alivyoliingiza konde lile kwa mwili mzima. Inasimuliwa kwamba meno ya Ketchel yalibaki kwenye glavu.

Kwa hiyo konde lilikuwepo muda wote. Alikuwa amelificha tu. Na kulikuwa na sababu: pambano lake na Jim Jeffries kule Reno lilipangiwa raundi 45. Arubaini na tano! Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Malaba hamalizi nguvu Mariakani. Kule kukumbatia tunakokucheka kulikuwa hesabu ya mtu anayejua safari ni ndefu, na pia njia ya kumchosha mwenzake bila yeye kuchoka.

Wapenzi wa Jack Dempsey wana hoja yao, na si mbaya. Jess Willard alimwangusha Johnson raundi ya 26, Havana, Aprili 1915. Julai 1919 Dempsey akamwangusha Willard huyo huyo mara saba katika raundi ya kwanza. Basi Dempsey ni zaidi, sivyo? Polepole. Johnson alikuwa na miaka 37 siku aliyopigwa na Willard. Willard naye alikuwa na miaka 37 siku aliyopigwa na Dempsey, na Dempsey alikuwa na 24. Naikubali kasi ya Dempsey, hata inatisha. Lakini akiwa bingwa hakuwahi kumpa Harry Wills, mtu mweusi, nafasi ya kuugombea mkanda. Uzito wa konde lake tunaujua kwa wale tu aliokubali kupigana nao.

Turudi Reno, 4 Julai 1910. Jeffries aliitwa kutoka kustaafu ili arudishe taji kwa weupe. Johnson akammaliza raundi ya 15. Filamu yake ilipigwa marufuku sehemu nyingi, Afrika Kusini ikiwemo, na 1912 Marekani ikatunga sheria ya kuzuia filamu za ndondi kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Ilidumu hadi 1940.

Na hapa Taita Taveta inaingia. Miaka sita baada ya Reno, wanajeshi weupe kutoka Afrika Kusini hiyo hiyo walifika upande wetu, kwenye reli ya kijeshi iliyoanza kujengwa 1915 kutoka Voi kuelekea Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 walipelekwa kushambulia Salaita, kile kilima cha njia ya Taveta ambacho matatu hukipita bila mtu kugeuza shingo. Wengi walikuwa wamewadharau askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani. Askari hao wakawatokea na singe, na Waafrika Kusini wakarudi nyuma, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu mia moja, waliouawa na waliojeruhiwa. Sisemi filamu ya Johnson ingewaokoa, na wale askari nao walikuwa wakimpigania mkoloni mwingine. Nasema tu kwamba ukizuia watu wasione konde, konde lenyewe bado lipo.

Johnson hakuwa malaika. Alipopata mkanda, alimkwepa Sam Langford, mweusi mwenzake ambaye wengi wanamwona kuwa mpiga konde hatari kuliko wote wa enzi hiyo. Hili kwangu linapunguza urithi wake kuliko kukumbatia kokote.

Sisi tuna bahati na Robert Wangila. Seoul 1988, fainali ya uzani wa welter, Mfaransa Laurent Boudouani hakuvuka raundi ya pili, na kamera zilikuwa zinawaka. Miaka sita baadaye Wangila alikufa Las Vegas kwa majeraha ya ulingoni. Ukibishana tena kuhusu uzito wa konde, anzia Seoul, kisha mwonyeshe mwenzako raundi ya 12 ya Colma. Mwambie aache kutazama mikono. Atazame miguu ya Johnson anapoinuka kutoka chini.