Makarani wa Mkuyu na Chogo

Somalia iliposambaratika mwaka 1991, Wazigua wa bonde la mto Juba, vitukuu vya watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka pwani ya Tanzania, walikimbilia kusini. Waliofika Tanga wakapelekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, ambako wenyeji walishangaa kusikia wageni wakisema Kizigua, lugha yao wenyewe. Kisa hicho cha undugu kimesimuliwa sana. Cha makarani, mara chache.

Kumwandikisha mkimbizi kunataka subira. Bibi asiye na cheti anahesabu umri wake kwa mafuriko na ukame, na karani lazima autafutie mwaka. Herufi moja ikikosewa kwenye kadi ya mgawo, kaya nzima inakwama siku ya unga. Na siku ya unga ni ya jasho: magunia yanashushwa, maharage yanachotwa kwa kopo, mafuta yanamiminwa polepole, huku foleni nzima ikikodolea macho kipimo. Atakayepunja atayasikia!

Wakimbizi walipohamishiwa makazi ya Chogo miaka ya 2000, kazi ikageuka. Sasa ikawa kupima viwanja na kutafuta maji, nayo Handeni hayapatikani kirahisi. Kisha yakaja maombi ya uraia: fomu, picha, alama za vidole, mtu mmoja mmoja. Wengi wakawa Watanzania.

Siku ya kukabidhi vyeti, kamera humfuata mgeni rasmi. Karani yuko nyuma ya meza, kidole kwenye orodha, akitafuta jina linalofuata.