Gari Lililoundwa Kukata Kushoto

Kwa kipimo chochote cha barabarani, gari la mbio za mzunguko mfupi la Marekani ya zamani ni bovu. Litazame kwa mbele: limeinamia upande mmoja. Tairi la nyuma la kulia ni kubwa kuliko mwenzake wa kushoto. Kiti cha dereva kimesogezwa kushoto, injini imerudishwa nyuma, na springi zake nne huenda kila moja ina ugumu wake. Ukiachia usukani kwenye njia iliyonyooka, linakwenda mtaroni lenyewe. Lakini kasoro hizo zote zimewekwa kwa makusudi, na kila moja imepimwa.

Sababu iko uwanjani. Chukua Bowman Gray Stadium mjini Winston-Salem, North Carolina. Ni uwanja wa futiboli ya Kimarekani uliozungukwa na njia ya lami ya robo maili, kama mita 400. Waandaaji wa mbio Bill France na Alvin Hawkins walianzisha mbio za kila wiki hapo mwaka 1949, nazo zinaendelea hadi leo. Sisi wa Safari Rally tumezoea kungoja saa nzima porini ili gari lipite na vumbi lake. Pale, aliyekaa jukwaani halikosi gari hata sekunde moja. Njia ni tambarare, haina mwinuko wa kulishika gari linapokata kona, na kona zote ni za kushoto. Sehemu zilizonyooka ni fupi mno, kwa hiyo nguvu nyingi za injini hazina pa kutumika. Anayeshinda ni yule anayeweza kukanyaga mafuta mapema zaidi akitoka konani bila mkia kumponyoka.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Difu ya kawaida huruhusu gurudumu la nje lizunguke kwa kasi kuliko la ndani, lakini pia huacha nguvu ipotelee kwenye tairi lisiloshika. Mafundi wa mbio waliifunga, wengine kwa kuchomelea gia zake tu, magurudumu yote mawili ya nyuma yakazunguka kama kitu kimoja. Gari la namna hiyo linapenda kwenda mbele moja kwa moja na kugomea kona. Dawa yake ni lile tairi kubwa la kulia. Laza kikombe cha plastiki mezani ukisukume: hakinyooki, kinazunguka kuelekea upande wake mwembamba. Tofauti ya inchi moja au mbili katika mzingo wa matairi inatosha kulifanya gari litake lenyewe kukata kushoto.

Basi fundi alipima kila tairi kwa futi kamba, maana hata yaliyotoka kiwanda kimoja kwa saizi moja hayakulingana. Aliandika kipimo kwa chaki, akajaza upepo, akaliacha tairi litanuke, kisha akapima tena. Na bado kuna joto. Mbio zikianza, upepo ndani ya tairi hutanuka, na tairi la kulia, linalobeba mzigo wa kona zote, hupata moto kuliko la kushoto. Tofauti iliyopimwa gereji si ile itakayokuwapo mwishoni. Kwa hiyo fundi hodari aliliandaa gari kwa ajili ya mizunguko ya mwisho, na dereva wake akavumilia kupitwa mwanzoni. Nakiri kwamba uvumilivu huo unanivutia kuliko kasi yenyewe.

Kisha kuna uzito. Juu ya springi palifungwa bolti ndefu. Ukikaza ya nyuma kushoto, kona hiyo inabeba zaidi, na kona ya mbele kulia pia, huku zile nyingine mbili zikipungukiwa. Ukizidisha, pua inagoma kukata. Ukilegeza mno, mkia unatoka. Baada ya majaribio dereva alisimama, akasema kwa maneno machache gari limemfanyia nini na katika sehemu gani ya kona, na fundi akayageuza maneno yale kuwa robo ya mzunguko wa spana. Kabla hajamwamini aliyauliza matairi: yakiwa na moto katikati, upepo umezidi, yakiwa na moto ukingoni, gurudumu limelala vibaya.

Ufundi huu haukutoka chuoni. Magari ya kwanza yalikuwa Ford za miaka ya 1930, zenye injini ya V8 iliyotolewa mwaka 1932, zilizokuwa zimeshapoteza bei. Baadhi ya waliozijua vizuri walijifunzia kwa wasafirishaji wa pombe haramu, ambao walitaka gari likimbie usiku na mzigo bila kuinama nyuma na kuwashtua polisi. Red Vogt wa Atlanta ni mmoja wa mafundi wa kizazi hicho. Gari aliloliandaa ndilo alilolitumia Red Byron, dereva aliyeumizwa vibaya mguu wa kushoto vitani, kutwaa ubingwa wa kwanza wa NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, mwaka 1948. Mguu ule ulihitaji kushikizwa kwenye klachi kwa chuma, na chuma hicho kikawa sehemu ya gari kama springi na matairi.

Aliyefikisha kazi hii kileleni, kwa maoni yangu, ni Richie Evans wa Rome, New York, mwenye gari la rangi ya chungwa namba 61. Alitwaa ubingwa wa magari ya aina hiyo mara tisa, mara nane mfululizo kuanzia 1978 hadi 1985. Mwaka 1979 alishinda mbio 37 kati ya 60. Idadi hiyo ina uzito kwa anayejua kwamba kila uwanja ulidai gari tofauti: kona za huku zimebana, za kule zimeinuka, lami ya kwingine imechakaa. Evans alikuwa dereva na fundi kwa pamoja, hakuhitaji mtu wa kumtafsiria gari lake.

Alifariki Oktoba 1985 akijaribu gari huko Martinsville, Virginia, ubingwa wa mwaka huo akiwa ameshaupata. Fremu za wakati ule zilikuwa ngumu kupita kiasi, maana fremu isiyopinda ndiyo iliyofanya robo ile ya spana iwe na maana. Gari likigonga ukuta, pigo halikuwa na pa kuishia isipokuwa kwa dereva. Wengine walikufa baada yake kabla mafundi hawajabadili mkono, wakaanza kuunda pua ya gari ili ikunjike.