Ujia Unaopinda Katika Mizani 40

Chang Jian, mshairi wa enzi ya Tang aliyefaulu mtihani wa maofisa wa dola mwaka 727, alitumia mishororo 8 tu kueleza ziara yake ya alfajiri katika monasteri ya Kibuddha kwenye mlima Yushan, mashariki mwa China. Kila mshororo una mizani 5. Monasteri hiyo, Xingfu, ingalipo hadi leo.

Bahari aliyoichagua ina sharti gumu: jozi ya pili na ya tatu za mishororo ziwe na usambamba, nomino ikabiliane na nomino, kitenzi na kitenzi. Jozi ya kwanza haibanwi. Chang Jian kaupindua utaratibu huo. Mlangoni mwa shairi, ambapo hakulazimishwa, asubuhi inatazamana na jua changa, na hekalu kongwe linatazamana na miti mirefu. Katika jozi ya pili, sharti linapodai, anaulegeza usambamba. Wahakiki wa China huuita mtindo huu kuiba majira ya machipuko, kama mplamu unaochanua kabla ya wakati.

Msomaji aliyelelewa kwa vina na mizani huenda akaliita shairi hili guni, yaani lililovunja kanuni. Mimi nakataa. Jozi hiyo ya pili inasimulia ujia unaopinda hadi chumba cha tafakuri kilichozama katika maua na miti. Mishororo inayotazamana sawasawa ingeunyoosha ujia huo. Hapa mmoja unamiminikia mwenzake, nasi tunapinda nao bila kujua tunakofika. Ouyang Xiu, gwiji wa karne ya 11, aliisifu jozi hii na kukiri kwamba alijaribu kuiiga asiweze. Namwelewa. Maneno ya jozi hii ni ya kawaida mno. Ufundi umo katika mpangilio.

Usambamba unarejea katika jozi ya tatu, mahali panapoustahili hasa: penye bwawa linaloakisi. Nuru ya mlima inawagusa ndege, taswira ya majini inaugusa moyo wa mtu. Mgeni haji tena kama mtenda, anatendewa.

Mshororo wa 7 ndio dhaifu kwangu, kwa kuwa unatangaza waziwazi kimya ambacho mingine ilikwisha kukijenga bila kukitaja. Wa 8 unaukomboa. Zinabaki kengele, na neno la mwisho, lenye maana ya sauti, ndilo linalobeba kina kilichokuwa kikirudi tangu mshororo wa 2. Mfasiri wa Kiswahili, mwenye hazina yote hii ya vina, hana sababu ya kukiacha kina hicho kipotee.