Kona ya Chuma

Chuma kilichokunjwa vibaya hakina msamaha. Utakigonga nyundo, utakipaka rangi ya kung'aa, lakini pale kilipobonyea ndipo kitakapokatikia. Bombolulu, hapa Mombasa, ni mtaa uliozoea kuheshimu kazi ya mkono. Karakana za watu wenye ulemavu, zenye kutoa vito, nguo na vinyago, ziko hapa tangu 1969. Ila kazi ninayoisifu leo haiwekwi kwenye rafu ya mgeni. Ni kazi ya fundi wa kuchomelea anapokunja paipu.

Mtazame akitengeneza pembea ya watoto. Hakimbilii nguvu. Huziba ncha moja ya paipu kwa kigingi cha mti, akaijaza mchanga huku akiigonga ubavuni kwa nyundo ndogo ili mchanga ushuke na kushikana, kisha akaziba ncha ya pili. Mchanga wenyewe uwe mkavu kabisa, kwa maana unyevu ukipata moto hugeuka mvuke, na mvuke utafyatua kigingi kimjeruhi mtu. Paipu tupu ikipindwa, ubavu wa ndani hukunjamana na tundu likabonyea. Iliyoshiba mchanga hugeuka taratibu, ikabaki duara vile vile. Fundi huipasha mpaka iwe nyekundu, akaizungusha kidogo kidogo kwenye kigezo, akisita kila mara na kuikodolea jicho moja.

Kunja paipu vizuri, uipeleke mbali zaidi, utafika kwenye rola kosta, yale mabehewa ya burudani yanayokimbia juu ya reli. Zamani mabehewa yake yalipita juu ya mbao zilizopigiliwa ukanda wa chuma, na mbao haikubali kila kona. Mwaka 1959, kampuni ya Arrow ilijenga rola kosta ya Matterhorn katika bustani ya Disneyland, California, kwa reli za paipu za chuma. Tangu hapo njia iliweza kupanda, kulala ubavu na kujisokota, mradi yuko mtu wa kuikunja.

Kukunja peke yake hakutoshi. Lazima ujue kona ianzie wapi. Huko Coney Island, New York, mwaka 1895 palikuwa na kitanzi cha kupindua abiria kichwa chini, nacho kilikuwa duara kamili. Behewa lilitoka kwenye njia iliyonyooka likaingia ghafla kwenye kona kali, na watu walitoka wakishika shingo. Jawabu lililodumu lilikuja California mwaka 1976, katika rola kosta ya Revolution iliyojengwa na Mjerumani Anton Schwarzkopf kwa hesabu za mwenzake Werner Stengel. Kitanzi chao kilikuwa na umbo la tone la maji: kipana chini, ambako behewa lina kasi, na chembamba juu, ambako kasi imepungua. Kona hukaza polepole, na mwili hupata nafasi ya kuizoea.

Behewa nalo halikai tu juu ya reli. Huikumbatia paipu kwa magurudumu ya pande tatu: ya juu hubeba uzito, ya ubavuni huzuia kuyumba, ya chini huzuia kuruka. Ndugu zetu wengi wa Pwani wako Ghuba kikazi, na huko Abu Dhabi kuna rola kosta ya Formula Rossa, iliyofunguliwa 2010 ikiwa ya kasi kuliko zote duniani wakati huo. Hufikia kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, na abiria huvishwa miwani ya kukinga macho yao na upepo na mchanga. Kwa kasi hiyo, kiungo cha reli kikikaa kombo kidogo tu, mgongo wa abiria utakijua kabla ya jicho la mkaguzi.

Ndiyo maana nasema abiria hupiga mayowe kwa raha kwa sababu fundi amekwisha kuogopa kwa niaba yake. Pembea ya watoto ya siku ya Idi haina hesabu za Stengel, lakini inadai uaminifu ule ule. Basi wewe mwenye shule au mlezi wa madrasa, ukiagiza pembea, usianze kwa kuuliza rangi wala kupunguziwa bei. Uliza unene wa paipu, pitisha kiganja kwenye kona, na ukikuta imebonyea, irudishe.